Sahani Safi za Saa Nane

Chumba cha nyuma,
Uani, mkabala na bomba la maji.
Jumamosi, asubuhi.

Mpendwa Dada yangu,

Usishangae huo mstari uliopinda unaokatiza ukurasa. Si mimi. Sasa hivi tu mwanao Chiriku kaja kwa nyuma, kanipokonya kalamu, kauvuta toka pembe hii mpaka ile, halafu ananiambia hiyo ndiyo njia ya kwenda kwa Mama Mkubwa. Nikamuuliza mbona imepinda. Akasema imemkwepa mbwa. Karatasi nyingine sina, basi naandika hapo hapo, juu ya njia yake na chini yake.

Shikamoo Dada. U hali gani? Mgongo je, bado unakusumbua ukiinamia cherehani muda mrefu? Zile pazia za hoteli ulizimaliza, na walikupa haki yako bila kukuzungusha? Nakuombea afya kila ninapoamka, na usiku pia, maana usiku ndio nina nafasi zaidi ya kukuwaza. Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Shemeji yako kifua kinampa nafuu siku mbili, siku ya tatu kinaidai. Mdogo wake Chiriku ameota gego la pili na analitumia kwangu bila huruma. Mama mkwe yupo, anakusalimu sana.

Mbebaji wa barua hii ndiye huyohuyo mchora mstari. Nitaiweka ndani ya mfuko wake, chini ya gauni la njano. Mama wa mitumba anayekuja mjini kwenu kununua marobota atamkabidhi kwako mkononi, ameniapia. Ni mtu mzima, ana wajukuu, na gari la mizigo analosafiri nalo dereva wake ni mwanawe wa kumzaa. Juzi kwenye simu ulisema mlete tu, nikasema asante, nikakata. Ile simu ni ya jirani na watu watano walikuwa wamesimama wakinisikiliza. Ndiyo maana hukusikia kitu. Sasa nataka usikie, kwa sababu utakapomwona mtoto utajiuliza, na sitaki umuulize yeye.

Unakumbuka shemeji yako alikuwa mchoma mikate. Miaka saba alisimama mbele ya tanuri, na kila mfanyakazi alitoka na mkate mmoja, wenyewe wakiuita mkate wa mkono. Chiriku alikuwa akiisikia harufu kabla baba yake hajafika mlangoni. Mtoto hajui saa lakini saa kumi aliijua kwa pua. Basi unga ule ule ukamwingia kifuani. Akawa anakohoa mpaka anashika ukuta. Daktari akasema aache kazi ya unga, na bosi naye akasema mtu wa kukoholea mikate ya watu hamtaki, kwa hiyo walikubaliana wao wawili na sisi hatukuulizwa. Mwenyewe hufanya mzaha. Anasema miaka saba nilikula unga kwa pua, sasa nautafuta kwa mdomo siupati. Tunacheka.

Mimi nilikuwa namfulia yule mwalimu wa ile nyumba yenye geti la buluu, mara tatu kwa wiki. Amenunua mashine ya kufulia. Simlaumu. Alinionyesha jinsi inavyozunguka, akadhani nitafurahi kuiona, na kweli nilisimama nikaitazama mpaka ikamaliza.

Mambo mengine nimeyajua bila kufika sekondari. Nimejua kwamba anayenunua gunia ananunua rahisi, na anayenunua kikombe ndiye anayenunua ghali. Nimejua maharage ni chakula cha bei nafuu kwa mwenye mkaa tu. Sisi tukiyaweka jikoni, yenyewe yanakula mkaa kuliko sisi tunavyoyala. Basi tunaacha kilicho nafuu tunanunua kinachoiva haraka, na kinachoiva haraka hakikai tumboni. Mwenye chumba alipopandisha kodi tulipunguza mlo wa asubuhi. Mama mkwe alipokuja kuishi nasi, baada ya shemeji mkubwa aliyekuwa akimtunza kufariki, hatukuwa na cha kupunguza tena, ikabidi tupunguzane sisi wenyewe. Kwanza mimi. Nikawa nasema nimeshiba, nilionja jikoni. Kisha mama mkwe naye akawa anasema ameshiba, wazee hawali sana. Kisha siku moja Chiriku akasukuma sahani yake kwa mdogo wake akasema, mimi nimeshiba, nilionja jikoni.

Dada, hakuwa ameingia jikoni siku hiyo. Ana miaka minne, anaelekea mitano, na ameshajua kusema uongo wa mama. Nakuomba sana, akikuambia ameshiba usimwamini. Mwongezee. Kaa ubavuni kwake, uzungumze mambo mengine, usimtazame kijiko. Ukimtazama anaacha.

Sasa nikueleze kosa letu.

Mama mkwe si mtu mbaya, nataka ulijue hilo kwanza. Alikotoka, mlango wake ulikuwa haufungwi. Watu walikuwa wakija kuomba chumvi, kuomba moto, kuomba ushauri, na hakuna aliyetoka mkono mtupu. Mtu aliyezoea kutoa, mkono wake unakuwa mzito kupokea. Alipoona kwetu mchana moto hauwashwi, hakunisema. Alinyanyuka tu, akazitoa sahani zote kabatini, akaziweka kwenye beseni, akaniambia, "Mwanangu, nenda kaoshe vyombo."

Nikasema, "Mama, ni visafi."

Akasema, "Najua. Wao hawajui."

Basi ikawa hivyo. Kila siku saa nane mchana, wakati wanawake wote wa uani wako bombani wanaosha vyombo vya chakula cha mchana, na mimi natoka na beseni langu. Sahani tano, vijiko, sufuria. Nasugua na jivu, nasuuza, nazipanga juani. Chiriku ndiye aliyebeba vijiko. Siku mama mkwe akiona nasugua harakaharaka, ananiambia nikirudi, leo umeosha kama mtu ambaye hakula. Nikajifunza kuosha kama mtu aliyekula. Unaweza kucheka, Dada, hata mimi nimecheka nilipoiandika. Karibu mwaka mzima tumeosha sahani safi.

Mwezi wa tatu akaja dada mmoja wa takwimu, kijana, amevaa fulana yenye maandishi, ana kishikwambi mkononi. Wanatafuta nyumba za kusaidiwa chakula, zenye watoto wadogo. Mungu ananijua, nilipomwona anakunja kona kuja mlangoni kwetu nilitaka kulia kwa furaha. Mama mkwe akaniita pembeni. "Mgeni hawezi kukaa na koo kavu." Nikakimbia kwa jirani yetu, mama wa mkaa, kuazima sukari, na kikombe chake chenye maua, na vipande viwili vya mkate. Yule dada akanywa chai, akala mkate, akashukuru, akafungua kishikwambi chake akaanza kuuliza. Je, kwa siku thelathini zilizopita, kuna siku mtu yeyote humu ndani alipunguza chakula kwa kukosa? Je, kuna siku mtu mzima alilala bila kula?

Mama mkwe akajibu kabla sijafungua mdomo. "Mwanangu, humu watu wanakula mpaka wanasahau walikula nini."

Yule dada akanigeukia mimi. Alikuwa na macho mazuri, ya mtu anayetaka umwambie. Shemeji yako alikuwa amesimama mlangoni akitazama viatu vyake. Mama mkwe alikuwa ameshika kile kikombe chenye maua ili akijaze tena. Dada, ningesema nini? Ningemvua nguo mama wa mume wangu mbele ya mgeni, akiwa ameshika birika? Nikasema, "Ni kama alivyosema Mama."

Akabonyeza.

Wiki mbili baadaye wakaita watu wote uani. Utaratibu wao ni kwamba majina yanasomwa hadharani, na majirani wanaulizwa nyumba kwa nyumba, hawa wanastahili au hawastahili, ili wajanja wasiwapunje wenye shida. Nilijipa moyo. Nikasema kishikwambi kimedanganywa lakini majirani wana macho. Tukafikiwa sisi. Mama wa mkaa akasimama, huyo huyo rafiki yangu, akasema kwa sauti yake ile ya kuitia wateja, "Hawa? Hawa wana afadhali. Kila siku saa nane wanaosha sahani, tena za watu wote watano." Na wengine wote wakaitikia, kweli, tunawaona. Hakuna aliyesema kwa ubaya. Walisema walichokiona, na walichokiona tulikuwa tumewaonyesha sisi.

Yeye mwenyewe aliandikwa, na mshona viatu, na yule mjane wa chumba cha kona. Sisi tulirudi ndani. Kesho yake saa nane mama mkwe akanipa beseni kama kawaida, na mimi nikalichukua. Hapo ndipo ninapojilaumu mpaka leo. Kwa nini nililichukua?

Ilipita kama miezi miwili. Siku hiyo bombani tulikuwa wengi. Chiriku alikuwa ananipa vijiko kimoja kimoja, mara akauliza kwa ile sauti yake isiyojua kunong'ona, "Mama, kwa nini tunaosha sahani na hatujala?"

Maji yaliendelea kumwagika. Mama wa mkaa akaweka ndoo yake chini. "Wewe Chiriku, unasemaje?"

"Hizi hazina uchafu. Hata jana hazikuwa na uchafu. Bibi anasema tunaziosha zisisahau maji."

Kuna mtu alianza kucheka, akaacha katikati. Mama wa mkaa akaja, akachuchumaa, akaziinua sahani zangu moja moja, akizigeuza kama mtu anayetaka kununua. Vidole vyake vyeusi vya mkaa viliacha alama, na hizo alama ndizo uchafu wa kwanza zile sahani kuupata wiki ile. Akaniambia, "Mwenzangu, mimi ndiye niliyesimama nikasema mnakula."

Nikamwambia, "Ulisema ulichokiona."

Akasema, "Mficha uchi hazai. Na wewe ushazaa wawili, sasa unaficha nini tena?" Wanawake wakacheka, na mimi nikacheka, na nikiwa nacheka ndipo nilipolia, pale bombani, mbele ya watu wote, mikono ina jivu.

Jioni alileta bakuli la maharage yaliyoiva. Akasema, "Msinishukuru, mkaa si ninao mwenyewe. Mwenye ng'ombe hanunui maziwa." Tangu siku hiyo huleta anapoweza. Na alikwenda mwenyewe mpaka ofisini kwao kusema kwamba alikosea. Wakamwambia orodha imefungwa, mpaka zamu nyingine mwakani. Alirudi ana hasira, akasema amewauliza njaa nayo imefungwa mpaka mwakani, wakamwomba atoke.

Ila bakuli la jirani ni la jirani, Dada. Naye ana wanawe.

Wiki iliyopita nikampeleka Chiriku zahanati, kwa sababu alikuwa hachezi. Alikuwa anakaa tu kizingitini, yeye aliyepewa jina la ndege kwa kutonyamaza. Muuguzi akamzungushia mkononi utepe wa kupimia lishe wenye rangi tatu, kijani, njano na nyekundu. Ukasimama kwenye njano. Mtoto akafurahi, akasema ni rangi ya gauni lake. Muuguzi akanitazama mimi. "Mama, pabaya hatujafika. Lakini tunapaona." Akasema anatakiwa ale mara tatu, na katikati apate kitu. Nikamuuliza kuhusu vile vipakiti vya lishe wanavyowapa watoto. Akasema vimekuja vichache, vya walio kwenye nyekundu tu. Niliitikia, nikamfunga mtoto mgongoni ingawa ni mkubwa wa kutembea. Njia nzima nilikuwa naujaribu mkono wake kwa vidole vyangu, kidole gumba na cha kati, vinakutana na nafasi inabaki. Nikawaza, yaani nikae nisubiri mwanangu afike kwenye nyekundu ndipo apewe?

Nyumbani nikawaeleza. Shemeji yako akatoka nje. Mama mkwe akasema, "Mpeleke kwa dada yako." Nikamwambia Dada nilishamkosea. Akasema, "Basi kamwombe radhi. Aibu nimeila mimi mwaka mzima, nakuambia haishibishi." Akachukua beseni akalisukuma chini ya kitanda, na kuanzia siku hiyo sahani zetu zinaoshwa zikichafuka tu.

Kweli nilikukosea, Dada. Mwaka ule ulipofiwa na mumeo, ukaniandikia unaomba nikupe Chiriku akae nawe, nyumba isikulemee, nilikujibu kwamba mtoto si mbegu ya kuazimishwa. Wewe uliyeniosha, ukanisuka, ukaacha shule yako ili mimi niende yangu, nami nikaiacha ya kwangu nikaolewa nikiwa sijamaliza. Ulilia siku ya harusi nikadhani ni wivu. Barua yangu ile ningeweza kuirudisha ningekuja nayo kwa miguu. Hukuijibu vibaya. Hukuijibu kabisa, ukaendelea tu kutuma nguo za mtoto, kila mwaka kipimo kikubwa kidogo, kana kwamba unamwona anavyokua. Gauni la mwaka huu limempwaya. Si kosa la kipimo chako.

Sikupi mtoto kwa sababu simtaki. Naomba uniamini hili hata kama mengine yote niliyosema na kuandika yalikuwa ya kuficha. Nampeleka kwako kwa sababu kwako ataona chakula kinabaki.

Nilimwambia kwamba anakwenda kukaa na Mama Mkubwa kwa muda, kumsaidia, maana yuko peke yake. Hakulia. Alifikiri, akaniuliza, "Kwa Mama Mkubwa sahani huwa zinachafuka?" Nikamwambia ndiyo, zinachafuka. Akasema basi atakusaidia kuosha. Muache aoshe, Dada, hata kama atavunja moja.

Mkate ulio ndani ya mfuko ameukanda baba yake. Wenzake wa zamani walimfungulia mlango wa nyuma alfajiri ya leo bosi hajafika, akajifunga kitambaa puani, akakanda, akachoma, akaleta ukiwa bado wa moto. Amekohoa tangu arudi. Sasa amelala, au anajifanya amelala. Alishamuaga mtoto barazani, alimwinua juu mpaka akagusa paa, akamteremsha, akaingia ndani moja kwa moja. Ukiukata mkate ukute umeiva vizuri, mtumie salamu kwamba uliiva. Itamsaidia kuliko dawa.

Usinione nimekata tamaa. Ile mifuko ya unga ya zamani nimeijaza udongo, nimeitoboa ubavuni, nimepanda mboga za majani, na zimeanza kuchungulia. Mama mwenye nyumba alitaka kulalamika, nikamwambia za kwanza ni zako, akasema basi zisogeze zipate jua. Mama wa mkaa ananifundisha kupima na kufunga mkaa, ananipa kazi siku mbili kwa wiki, anasema mikono yangu imezaliwa misafi lakini itazoea. Shemeji yako ameahidiwa ulinzi kwenye ghala la mabati, kazi ya kukaa, haina vumbi. Wakimchukua, mwezi wa kumi na mbili nitakuja mwenyewe kumchukua mtoto. Nimesema mwezi wa kumi na mbili. Iandike mahali.

Kabla sijasahau kukuaga, naaga sasa hivi, maana gari likija sitapata nafasi. Nisalimie Mama Mdogo na mumewe, mwambie Mama Mdogo kile kitenge bado ninacho. Nisalimie binamu yetu kinyozi, na yule bibi jirani yako aliyenipa pipi siku ya msiba. Mama mkwe anasema umsamehe, hakusema kwa lipi. Mdogo wake Chiriku amekupungia mkono, nimemshika mimi. Mungu akukunjulie mikono yake kama ulivyoikunjua yako kwetu, akupe usingizi mzuri na kazi isiyokuvunja mgongo. Ni mimi mdogo wako uliyenibeba, ninayekupenda kuliko nilivyowahi kukuonyesha.

Nimeshaweka sahihi lakini gari bado, basi naongeza.

Anaogopa kuku, ila ng'ombe haogopi. Akiwa na homa masikio yake yanakuwa mekundu kabla mwili haujapata moto, tazama masikio kwanza. Hapendi kuchanwa nywele kavu. Akiuliza swali usipomjibu atalirudia mpaka umjibu, ndiyo maana ya jina lake, na wiki hizi mbili limekuwa likimponyoka, kwa hiyo ukisikia anakuchosha kwa maswali ujue anapona, niandikie uniambie kwamba anakuchosha. Mpe kidogo kidogo siku za mwanzo, muuguzi amesema tumbo lililozoea kidogo lisishtuliwe.

Usiku wa kwanza asilale peke yake. Sisi tunalala watatu kitanda kimoja, hajui kitanda kipana.

Mama wa mitumba amefika, nasikia honi, na Chiriku tayari yuko huko nje anamuuliza jina la gari. Ameniita mara moja. Dada, la mwisho na ndilo kubwa, naliandika kabla hajaja kunipokonya kalamu tena. Asubuhi huwa ananiita kabla hajafumbua macho. Ananiita mara tatu, taratibu, hana haja ya kitu, anataka tu kusikia nipo. Kesho atakuita wewe jina langu. Usimsahihishe. Mwitikie tu, mwambie naam mwanangu, sogea karibu akuguse, na akishafumbua macho mwenyewe akakuona, ndipo umwambie kwamba mama yake